Mtoto wa Makao, Masomo na Tabia: Mwongozo kwa Walezi wa Nyanda za Juu Kusini

Januari shule zikifunguliwa, haipiti wiki ya pili simu ya mlezi haijaita. Mwalimu wa darasa yuko upande wa pili: "Shikamoo mama. Huyu kijana wenu leo tena kampiga mwenzake, na daftari la hesabu hajaandika kitu." Mlezi anaitikia marahaba, anaomba radhi, anakata simu. Jioni mtoto anaitwa. Anaadhibiwa kwa kupigana, kisha anaadhibiwa kwa hesabu, kana kwamba hayo ni makosa ya watoto wawili tofauti.

Nimelea kwenye makao ya watoto Iringa, baadaye Mbeya, na kosa hilo nimelifanya kwa miaka. Aliyenifungua macho ni mtoto wa miaka tisa kutoka Makete. Alikuwa hajui silabi, na kila akiitwa ubaoni alirusha kiti. Tulisema ana kiburi. Siku tulipomwomba mwalimu asimwite ubaoni kwa muda, nasi tukaanza kusoma naye pembeni, yeye na mlezi mmoja tu, viti vilipungua kuruka. Muhula mzima ulipita akarusha mara mbili. Kilichokuwa kinamfanya arushe kiti ni aibu.

Mwongozo huu ni kwa matroni, patroni, mama walezi na walimu wanaopokea watoto wa makao. Ukiufuata, masomo na tabia utavishughulikia kwa pamoja, na utaanza na jambo ambalo wengi huliacha la mwisho: mtu mzima mmoja ambaye mtoto ana uhakika naye.

Hatua ya 1: Mpokee mtoto pamoja na karatasi zake na historia yake

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, makao hayaendeshwi bila leseni, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri lazima ajue kila mtoto aliyemo. Kwa hiyo mtoto haachwi getini na jirani mwema halafu mambo yakaishia hapo. Siku anayofika, fungua kaunta buku moja ya kwake peke yake. Tutaliita daftari la mtoto, na hatua zote zinazofuata zitarudi humo.

Kurasa za kwanza andika: barua ya ustawi wa jamii au amri ya mahakama, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, shule aliyotoka, na namba ya PREM, yaani namba ya usajili wa mwanafunzi. Hiyo namba ya PREM isikupite. Kila mtoto aliyesajiliwa shule ya msingi anayo, hata kama alisoma mwezi mmoja kisha akaacha, na uhamisho hupitia hiyo. Mpigie mwalimu mkuu wa shule ya zamani umwombe. Ukikosa subira ukamwandikisha upya kama mtoto ambaye hajawahi kusoma, vurugu ya majina itakukuta kwenye upimaji wa Darasa la Nne au mtihani wa Darasa la Saba, wakati ambao hautakuwa na nafasi ya kuhangaika.

Kuhusu cheti, uliza kwao kabla ya kuomba kipya. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ulianzia Mbeya mwaka 2013. Mara nyingi cheti kipo kwa bibi, kimekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo.

Kisha andika lugha. Mtoto wa Kilolo ndani huenda alilelewa kwa Kihehe, wa Makete kwa Kikinga, wa Rungwe kwa Kinyakyusa, wa pembezoni mwa Mbeya kwa Kisafwa. Anapojibu kwa neno moja moja, watu husema mzito wa kuelewa, kumbe anatafsiri kichwani. Tafuta mlezi au mpishi anayeijua lugha yake, amsalimie kwayo kila asubuhi. "Kamwene" moja mlangoni humlegeza mtoto wa Kihehe au Kibena kuliko hotuba ya kumkaribisha.

Mwisho andika nani amebaki. Usiandike "yatima" ukafunga. Watoto wengi wa makao wana mzazi mmoja hai, au bibi, au mjomba. Andika majina yao, kijiji, mtendaji wa kijiji, na namba ya simu ya jirani mwenye simu.

Hatua ya 2: Wiki mbili za kwanza, tazama tu

Mpeleke shule kama kawaida, lakini usimdai matokeo. Mpe kitanda chake, sanduku linalofungwa, na sweta. Sweta nalisema kwa makusudi: Juni na Julai Mafinga na Makete, mtoto anayetetemeka hasikii unachomfundisha, na anayevaa sare iliyolowa hana utulivu wa kuwapa watu.

Mpangie mlezi mmoja. Huyu ndiye anayemwamsha, anayemuuliza habari za shule, anayemsindikiza zahanati. Walezi wakipokezana zamu bila mpango, mtoto hana wa kumkimbilia, na asiye na wa kumkimbilia hukimbia tu. Kama zamu haziepukiki, mlezi anayetoka amuage mtoto kwa maneno na kumwambia siku atakayorudi. Siku hiyo arudi kweli.

Katika wiki hizo utaona mambo. Mwingine anaficha ugali chini ya godoro. Mwingine hajasema neno. Mwingine anamkumbatia kila mgeni na kumwita mama. Yaandike bila kuyapa majina mabaya. "Ameficha vipande viwili vya ugali, Jumanne usiku" ni maandishi yenye faida. "Mwizi wa chakula" hayamsaidii yeyote.

Hatua ya 3: Pima anachojua, usitazame darasa alilomo

Mtoto yuko Darasa la Tano kwa sababu umri ulimsukuma. Hilo halikwambii kama anasoma. Mkae nje penye mwanga, bila mtoto mwingine karibu, mwanzie chini kabisa kisha mpande: silabi, maneno, aya fupi, hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili yenye maswali mawili ya kuelewa. Anapokwama, hapo ndipo alipo. Mwambie "asante, nimeona pa kuanzia," na mwishie hapo. Hesabu fanya vivyo hivyo kwa punje za mahindi au vifuniko vya soda: ahesabu, atambue namba, ajumlishe, atoe, azidishe.

Kabla hujasema ana akili nzito, kagua macho na masikio. Simama nyuma yake hatua kadhaa, mwite kwa sauti ya kawaida. Mwonyeshe maandishi ya ubaoni akiwa kiti cha nyuma. Sikio linalotoa usaha halihitaji ujasiri, linahitaji zahanati. Nimeona msichana aliyepigwa mara nyingi kwa "ukaidi" wa kutoitika, na sikio la kulia lilikuwa halisikii.

Kama mtoto amevuka umri na hajawahi kusoma, muulizie darasa la MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa. Kijana wa miaka kumi na miwili kukaa dawati moja na wa miaka saba ni mzigo. MEMKWA humvusha kwa kasi, kisha hujiunga na wenzake.

Hatua ya 4: Panga saa ya kujisomea inayofanya kazi

Makao mengi yana prepo ya saa mbili, watoto arobaini, taa moja, na patroni mwenye fimbo mlangoni. Watoto wanakaa kimya na hakuna anayesoma.

Fanya hivi. Gawa watoto kwa kiwango ulichopima, wala si kwa darasa. Wanaokwama kwenye silabi wakae pamoja, wawe wa Darasa la Pili au la Sita. Dakika ishirini za kusoma kwa sauti, dakika ishirini za hesabu, kisha kazi za shule. Wadogo wamalize hapo wakalale. Ila kijana mkubwa kuliko wote asiyejua kusoma usimweke na wadogo kama mwanafunzi; mkabidhi kitabu cha picha awasomee wadogo kurasa mbili alizojizoeza mchana na mlezi wake. Anasoma kiwango chake huku heshima yake ikibaki mahali pake. Hii ni mbinu ninayoipenda kuliko zote, maana mtoto huyo huyo baada ya mwezi huanza kudai kitabu kigumu zaidi.

Kazi za nyumbani zisiile saa hii. Kuni, maji, kuosha vyombo, kuchambua maharage: vyote viishe kabla jua halijazama, au vipangiwe Jumamosi. Mtoto anayekimbilia kuwahi namba shuleni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi kuchota maji hadi usiku hajafeli kwa uvivu.

Wanaokaribia Kidato cha Kwanza waanzishiwe Kiingereza mapema. Sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, na mtoto aliyejua sayansi kwa Kiswahili huamka Januari akiwa haelewi chochote. Maneno matano kwa siku, ukutani karibu na meza ya chakula, tangu Darasa la Tano.

Hatua ya 5: Isome tabia kama unavyosoma maandishi

Hapa kaa nami kidogo, maana ndipo kazi ilipo.

Kila tukio liandike kwenye daftari la mtoto kwa mistari mitatu: nini kilitangulia, alifanya nini, baadaye alipata nini. Baada ya wiki tatu soma mfululizo. Utaona kwamba ugomvi wote ni Jumapili jioni, baada ya wenzake kutembelewa na ndugu. Au kwamba anatoroka kila siku ya jaribio la hesabu. Au kwamba anakuwa mkali saa za kuoga. Hili la mwisho liangalie kwa makini sana, maana huenda aliwahi kudhuriwa mahali kama hapo.

Kukojoa kitandani. Hakuna mtoto anayekojoa makusudi. Anywe maji mengi asubuhi na mchana, apunguze jioni, aende msalani kabla ya kulala, godoro livalishwe nailoni, na shuka la akiba liwe mahali anapoweza kulichukua mwenyewe bila kuuliza. Usimtembeze na shuka lake, usimwanike na godoro mbele ya wenzake. Kama alikuwa ameacha na ameanza tena, mpeleke akapimwe mkojo na sukari, halafu ujiulize nini kimetokea bwenini.

Kuficha chakula. Mtoto aliyelala na njaa kwa miezi haamini kwamba kesho kuna uji. Ukimpokonya unamthibitishia hofu yake. Mpe kikopo chenye mfuniko, mwambie karanga hizi au muhogo huu mkavu ni wako, ukiisha nitajaza. Jaza kweli. Kwa wengi, kikopo hukaa bila kuguswa baada ya miezi michache.

Kuiba na kusema uongo. Usimuulize "umechukua?" huku ukijua amechukua; unamwalika adanganye. Sema, "Kalamu ya mwenzako iko kwenye sanduku lako. Turudishe pamoja." Arudishe, asaidie kufidia kama imeharibika, basi. Kesho usilikumbushe.

Kupigana. Mtenganishe, kaa naye chini, ukiwa chini kuliko kimo chake ukiweza, usiongee hadi pumzi yake ishuke. Mtoto mwenye hasira hasikii mawaidha, na maneno mengi wakati huo ni kuni kwenye moto. Akitulia muulize kilichotokea kabla, kisha afanye kitu cha kutengeneza alichoharibu: kufunga kidonda cha mwenzake, kushona kifungo alichokata.

Kuduwaa. Huyu hagombani, kwa hiyo husahaulika. Anakaa darasani akiangalia dirisha, anaitwa mara tatu. Wengi humwita mpole. Mimi humhofia zaidi ya mgomvi. Mpe kazi za mikono, mpe mnyama wa kutunza kama makao yana sungura au kuku, na mlezi wake awe karibu bila kumhoji.

Kuzoea kila mtu. Mtoto anayerukia mapaja ya mgeni asiyemjua hana uchangamfu wa kujivunia. Hajapata wa kwake. Mrudishe kwa upole kwa mlezi wake: "Mgeni tunampa mkono. Mapaja ni ya Anti wako."

Kuhusu adhabu: fimbo iondoke kabisa makaoni. Mtoto aliyeletwa kwa sababu alipigwa, ukimpiga, unamwambia kwamba dunia yote ni nyumba ile ile. Tena kuna adhabu mbili mbaya kuliko zote ambazo bado nazikuta: kumnyima chakula, na kumnyima kuonana na ndugu zake. Chakula na ndugu si zawadi. Visiguswe kamwe, hata amefanya nini.

Hatua ya 6: Mfanye mwalimu awe mwenzako

Usisubiri simu. Nenda shule wiki ya kwanza, msalimie mwalimu mkuu, kisha mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa malezi kama yupo. Mwambie mambo matatu tu: kiwango cha kusoma ulichopima, kinachomchokoza mtoto, na kinachomtuliza. Historia ya familia yake, ugonjwa wake, kilichompata usiku ule, si mali ya ofisi ya walimu. Siri ya mtoto ikivuja shuleni asubuhi, mchana iko uwanjani.

Omba pia aitwe kwa jina. "Watoto wa kituo simameni" ni sentensi inayosemwa bila nia mbaya, lakini mtoto huibeba hadi nyumbani.

Kuhusu viboko shuleni, ujue kanuni ili uzungumze kwa heshima na kwa uhakika: kwa kanuni za mwaka 2002, anayeruhusiwa ni mwalimu mkuu au aliyemkasimu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa zamu mwenye fimbo getini hayumo humo. Lakini usianze na kanuni. Anza na daftari lako: "Mwalimu, huyu akipigwa anatoroka siku mbili, akipewa kazi ya kufuta ubao anatulia. Tujaribu hilo kwa mwezi mmoja?" Walimu wengi hukubali, maana nao wamechoka na wana watoto sabini darasani. Rudi kila wiki mbili, na siku nyingine nenda ukashukuru tu.

Hatua ya 7: Dawa, na ukweli kuhusu dawa

Mikoa yetu imebeba mzigo mkubwa wa VVU. Utafiti wa taifa wa 2016 na 2017 uliikuta Njombe ikiongoza nchini kwa asilimia 11.4 ya watu wazima, Iringa ikiifuata kwa karibu. Kwa hiyo baadhi ya watoto wetu wanaishi na virusi, na wengine walimuuguza mama hadi mwisho wakiwa na miaka minane.

Dawa zitolewe saa ile ile, faraghani, na mlezi wake. Siku ya kliniki ikigongana na siku ya mtihani, zungumza na kliniki mapema wabadilishe. Mtoto wa umri wa shule aanze kuelezwa kidogo kidogo kwa msaada wa wahudumu wa kliniki. Anayefichwa hadi miaka kumi na nne hugundua mwenyewe kwenye maandishi ya kopo, na huyo ndiye anayetupa vidonge chooni na kuacha shule. Ukiona kijana mtulivu ameanza kugoma ghafla, masomo yakashuka kwa mpigo, uliza kwanza kama kuna mtu amemwambia.

Hatua ya 8: Linda mlango wa wageni

Wageni wanaokuja kwa wiki tatu, wakabeba watoto, wakapiga picha, wakaondoka, huacha watoto wenye homa ya huzuni na usiku wa kukojoa. Nia yao ni njema, nami huwaheshimu. Wapangie kazi zisizo za kubeba watoto: kurekebisha taa za sola, kufundisha walezi Kiingereza, kupanga maktaba. Picha za watoto zisiende mtandaoni.

Hatua ya 9: Jua lini jambo limekuzidi

Mtoto anayejiumiza, anayesema anataka kufa, asiyelala wiki nzima, au anayekueleza kwamba ametendewa ubaya na mtu mzima, hata awe mfanyakazi wa makao, hasubiri kikao. Msikilize bila kumhoji kama polisi, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, mwite afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, na nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au hospitali. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure. Ibandike bwenini, mahali mtoto anapoweza kuisoma mwenyewe.

Hatua ya 10: Andaa kutoka tangu siku ya kuingia

Makao ni daraja. Nchini Romania, watafiti walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa kwenye vituo, wakiwalinganisha waliobaki humo na waliopelekwa kwenye familia za malezi ya kambo. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili, hasa waliotoka mapema, kabla ya kama miaka miwili. Kwa hiyo kichanga anapoletwa, haraka ya kumtafutia shangazi au familia ya kambo kupitia ustawi wa jamii ni kubwa kuliko haraka ya kumnunulia kitanda.

Kila likizo ya Juni na Desemba, kama ustawi wa jamii umeona ni salama, mtoto aende kwa ndugu hata kwa wiki moja. Mpe unga, mpe nauli, mpe kitabu. Akirudi tegemea siku tatu mbaya: ugomvi, kilio, kukojoa. Usiseme "basi asiende tena." Andika, subiri, zitapita.

Kwa kijana wa Kidato cha Pili kuendelea, anza mazungumzo ya maisha yake: akiba, kupika, kupanga chumba, kitambulisho cha taifa, na fundi wa kujifunza kwake siku za likizo. Si kila mmoja ataendelea na Kidato cha Tano. Vyuo vya ufundi vya VETA vipo Mbeya na Iringa, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vinapokea hata aliyeishia Darasa la Saba. Mpeleke akaone karakana kabla matokeo hayajatoka, ili siku matokeo yakiwa mabaya awe tayari ana mahali alipopatazama.

Siku anapoondoka, awe anarudi kwa bibi yake Ludewa au anakwenda kupanga Mwanjelwa, mkabidhi bahasha: cheti cha kuzaliwa, namba ya PREM, vyeti vya shule, kadi ya kliniki, picha zake za utotoni pamoja na wenzake. Ukurasa wa mwisho wa daftari lake uukate umpe pia, ukiwa na jina la mlezi wake na namba ya simu. Kisha mlezi huyo asibadilishe laini.